Mbeleko na Nyonga: Habari za Watoto Waendao Chopi

Lugha yetu haina neno moja tu la kumtaja mtoto ambaye mguu wake haumtii. Yuko achechemeaye, ndiye akanyagaye kwa hofu, unyayo ukigusa chini na kuinuliwa upesi kana kwamba mchanga una moto. Yuko aendaye chopi, ambaye haogopi kukanyaga wala halii, lakini kila hatua mwili wake huinamia upande mmoja na kupanda tena, kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Na yuko kiwete, ambaye mwendo umemwacha kabisa. Sisi tuliosoma shuleni tumezoea kuyatumia maneno haya kama kwamba ni mamoja. Walakini bibi zetu walioyatenga walikuwa na haki, maana kuchechemea na kwenda chopi ni dalili za maradhi mbalimbali, na mwenye kuzichanganya humpeleka mtoto kwa dawa isiyo yake.

Twaandika haya tukiwa Chanika, penye mji wa Handeni, katika nchi ya Wazigua, na habari tuitakayo ni ya kiungo kimoja tu, yaani nyonga. Kwanza na tueleze jinsi kilivyo. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo upande wa juu, nacho hukaa ndani ya kikombe kilichomo katika mfupa wa kiuno. Mtoto azaliwapo, kichwa kile na sehemu kubwa ya kikombe si mfupa bado, ni gegedu laini. Basi kikombe hufinyangwa na kichwa kikaacho ndani yake: kichwa kikitulia katikati, kikombe hupata kina, kikikaa ukingoni, kikombe huwa kama kisahani, na siku mtoto aanzapo kwenda kichwa huteleza nje. Jambo la pili ni hili, nasi twamwomba msomaji alishike, kwa sababu litarudi mara kwa mara: damu ya kichwa hicho hupita katika mishipa michache myembamba ipandayo shingoni mwa mfupa. Mishipa hiyo ikizibwa, kichwa hufa hata kama mguu wote uliosalia u hai.

Kilema cha nyonga iliyotoka mahali pake tangu utotoni kilijulikana zamani sana huko Ulaya. Hippocrates, tabibu Myunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliwataja watu waliozaliwa nacho. Tangu wakati ule hata mwisho wa karne ya 19 waganga wa Ulaya walikiona kila siku na hawakuwa na la kufanya ila kumnunulia mtoto kiatu chenye kisigino kirefu. Wasichana walipatwa kuliko wavulana, na kifungua mimba kuliko wadogo zake, na aliyetanguliza matako tumboni kuliko aliyetanguliza kichwa. Tena kilifuata ukoo. Hayo yote ni kweli hata leo. Lakini palikuwa na sababu nyingine ambayo hawakuiona, maana ilikuwa mikononi mwao wenyewe. Katika nchi nyingi za baridi mtoto mchanga alizungushiwa vitambaa tangu kifuani hata vidoleni, miguu imenyoshwa na kubanwa pamoja kama mzigo wa kuni. Baadhi ya wenyeji wa Marekani, kama Wanavajo, waliwafunga watoto wao kwenye ubao, miguu imenyoka vile vile, nao pia walikuwa na wengi wenye kilema hicho.

Mtu aliyefungua njia ya dawa alikuwa Adolf Lorenz wa Vienna, naye aliifungua kwa msiba wake mwenyewe. Alikuwa mpasuaji, na siku zile wapasuaji waliosha mikono na vyombo kwa tindikali ya kaboliki ili kuua vijidudu. Ngozi ya Lorenz haikuistahimili dawa ile, ikawaka na kupasuka, hata ikambidi auache upasuaji. Ndipo akageukia kazi ya mikono mitupu: alimlaza mtoto usingizi kwa dawa, akaushika mguu, akaukunja na kuupanua mpaka kichwa kikarudi kikombeni, kisha akaufunga kwa plasta ngumu ukiwa umekunjwa na kupanuka kama wa chura. Mwaka 1902 tajiri mmoja mwuza nyama wa Chicago, J. Ogden Armour, alimwita avuke bahari kuja kumtibu binti yake Lolita, na magazeti ya dunia yakajaa habari hiyo. Baadaye ilionekana ya kuwa nguvu zake zilikuwa na madhara, kwani mguu uliolazimishwa mno hubana ile mishipa myembamba tuliyoitaja, na kichwa kikafa ndani ya kikombe kilekile kilichorudishwa. Miaka ya 1940 tabibu Mcheki, Arnold Pavlik, akatengeneza mikanda laini ya kumvika mtoto mchanga mabegani na miguuni. Mikanda ile haimlazimishi. Humzuia tu asinyoshe miguu, naye hurusharusha miguu iliyokunjwa na kupanuka mpaka nyonga ijipange yenyewe. Hata leo hiyo ndiyo dawa ya kwanza kwa mtoto wa miezi michache. Aliyepita miezi 6 mara nyingi hurudishwa nyonga akiwa amelazwa usingizi na kufungwa plasta, na aliyekwisha kwenda kwa miguu hupasuliwa. Samaki mkunje angali mbichi.

Sasa msomaji na amtazame mama yeyote apitaye barabara ya Korogwe na mtoto mgongoni. Mtoto amepanuliwa miguu, mapaja yamekumbatia kiuno cha mamaye, magoti yamekunjwa na kupanda juu kidogo kuliko matako, na nguo imemshika chini na nyuma. Ni namna ile ile ya mikanda ya Pavlik. Waliyoitafuta Ulaya kwa karne nyingi ilikuwapo mgongoni mwa mama zetu, wala hakuna aliyeijua kuwa ni dawa. Katika hospitali ya mifupa ya Beit CURE huko Blantyre, Malawi, matabibu walipohesabu kazi yao ya miaka 10, tangu mwisho wa 2002 hata 2012, walikuta wametazama watoto zaidi ya 40,000 na kuwapasua zaidi ya 9,000, na katika hao wote hapakuwa na hata mmoja aliyeletwa kwa kilema hicho cha nyonga. Hapana budi damu ya ukoo nayo ina sehemu yake. Lakini Wajapani walitoa ushuhuda mwingine: tangu mwaka 1975 waliwafundisha akina mama wasiwanyoshe watoto miguu bali waiache ikunjike, na kilema kilichokuwa cha kawaida kwao kikapungua sana kwa muda mfupi, wala hawakubadili damu yao.

Mbeleko yenyewe ina heshima ya kale. Kwa desturi ya pwani mwenye kuoa hakutoa mahari peke yake; baba mkwe alipewa kilemba, na mama mkwe alipewa mkaja na ubeleko. Ubeleko ni ile ile nguo ya kubelekea, nayo ilikuwa kama malipo ya mgongo wa mama uliochoka kwa ajili ya bibi arusi. Siku hizi zawadi hizi hugeuzwa fedha, na vijana wengi huzitoa bila kujua maana yake. Tena huko mijini tumeona vibebeo vya dukani ambavyo mtoto hutundikwa kifuani miguu ikining'inia imenyoka; na vijijini wako wakunga wamnyoshao mtoto mchanga viungo kila aogeshwapo, wakisema asipate matege, kisha humfunga kanga miguu pamoja. Twasema waziwazi kwamba jambo hilo la mwisho si jema, hata kama limetoka kwa wazee. Matege ya mtoto mchanga hujinyosha yenyewe. Nyonga iliyobanwa katika majuma ya kwanza huenda isijirudi.

Basi hapa ndipo tufikapo kwenye neno letu hasa. Mbeleko imetukinga na kilema kimoja, nasi kwa sababu hiyo tumelala, tukadhani nyonga za watoto wetu haziugui. Zinaugua, tena kwa maradhi ambayo nguo haiwezi kuyazuia, na mtoto aliyepona moja kwa mgongo wa mamaye huangamizwa na jingine kwa kuchelewa kwetu.

Kibaya kuliko yote ni usaha wa nyonga. Mtoto alikuwa mzima jana. Leo ana homa kali, amelala na mguu umekunjwa na kugeukia nje, na ukiugusa hupiga kelele. Haya si mambo ya kungoja asubuhi. Vijidudu vimeingia katika kiungo kwa njia ya damu, na usaha hula gegedu kwa siku chache tu, tena hubana mishipa na kuua kichwa cha mfupa. Dawa yake ni kufungua kiungo na kukiosha, pamoja na dawa za kuua vijidudu zipitazo mshipani, siku ile ile kama yawezekana. Aliyepelekwa baada ya juma mbili huenda akapona homa, lakini ataondoka akienda chopi maisha yake yote. Ajabu ni kwamba kilema hiki cha baadaye, kisicho na maumivu, ndicho watu wakionacho na kusema amezaliwa nacho.

Homa ikikosekana, na mtoto akaamka akichechemea baada ya mafua, mara nyingi ni uvimbe mwepesi upitao kwa mapumziko ya siku chache. Hata hivyo na aonwe na mganga, maana si kazi yetu kupambanua.

Kifua kikuu cha nyonga huenda polepole. Mtoto hukonda, huchechemea jioni, hulia usingizini misuli ilegeapo, na paja lake hupungua unene. Kabla ya dawa kupatikana, tabibu Hugh Owen Thomas wa Liverpool, aliyezaliwa katika ukoo wa waunga mifupa, aliandika mwaka 1875 ya kuwa kiungo kama hicho hakina budi kupumzishwa kabisa, akabuni gango la chuma la kukituliza. Alituachia pia njia ya kupima ambayo yaweza kufanywa hata juu ya jamvi. Mlaze mtoto chali, kisha mkunje goti la mguu mzima mpaka liguse kifua. Nyonga ya pili ikiwa nzima, paja lake litabaki limelala chini. Ikiwa mgonjwa, litainuka lenyewe. Tangu streptomisini ilipovumbuliwa mwaka 1943, na nyingine zikafuata, ugonjwa huu hutibika kwa dawa zimezwazo miezi mingi bila kukatiza.

Picha za eksirei, zilizovumbuliwa na Röntgen mwaka 1895, ndizo zilizoonyesha ya kuwa si kila nyonga ichechemeayo ina kifua kikuu. Mwaka 1910 matabibu watatu waliokuwa mbalimbali, Legg wa Boston, Calvé wa Ufaransa na Perthes wa Ujerumani, waliandika habari za watoto, hasa wavulana wa miaka 4 hata 8, ambao kichwa cha mfupa kilikuwa kimekufa kwa kukosa damu bila kijidudu chochote. Hapo kwanza watoto hao walihesabiwa kuwa na kifua kikuu. Mfupa wao hujijenga tena kwa miaka kadha wa kadha, na kazi ya mganga ni kulinda umbo la kichwa kisipondeke wakati kingali laini. Ugonjwa huu si mwingi kwa Waafrika. Lakini mwaka ule ule wa 1910, katika mji wa Chicago, tabibu James Herrick aliandika juu ya kijana wa kisiwa cha Grenada ambaye chembe zake za damu zilipinda kama mundu; na habari hiyo yatuhusu sisi kuliko ile ya kwanza.

Selimundu ni ugonjwa wa kurithiwa kwa baba na mama. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha ya kuwa mwenye kurithi upande mmoja tu hukingwa na malaria kali. Ndiyo sababu tabia hii imekaa sana katika nchi za mbu, na Tanzania ni miongoni mwa nchi za dunia zenye watoto wengi waugua selimundu. Aliyerithi pande zote mbili, chembe zake hukwama katika mishipa myembamba, na msomaji akumbuke mishipa ya kichwa cha paja jinsi ilivyo michache. Kichwa hufa, huporomoka kama dari iliyoliwa na mchwa, na kijana huanza kuchechemea. Tena hao hao hupatwa upesi na usaha wa mifupa. Kipimo cha damu ni chepesi, na ikijulikana mapema ziko dawa za kupunguza vipindi vya maumivu, hasa haidroksiyurea.

Na waliopooza je? Wazee wa wilaya hii wanakumbuka jinsi polio ilivyoacha nyonga zilizolegea katika kila kijiji. Kwa Mkono, katika wilaya yetu ya Handeni, iko Hospitali ya Mtakatifu Fransisko iliyotokana na kazi ya misheni, pamoja na nyumba ya watoto walemavu ambayo jina lake la polio halijatoka vinywani mwa watu, ingawa mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili katika Tanzania alionekana mwaka 1996. Chanjo ndiyo iliyofanya hivyo. Iko na sababu nyingine ya mguu kupooza, ambayo ni aibu kuitaja: sindano ya kwinini iliyochomwa takoni pasipostahili, ikagusa mshipa mkubwa wa fahamu. Kwa hiyo mzazi na asiombe sindano pale mganga aonapo vidonge vyatosha.

Haya yote yalipokuwa hayajulikani, watu walitafuta sababu, wala hatuwacheki, maana Ulaya nayo ilikosea muda mrefu. Lakini sababu moja ya kwetu ilivunja nyumba za watu. Mtoto aliyechelewa kusimama au aliyelegea miguu ilisemwa amebemendwa, yaani baba au mama amekwenda nje ya ndoa kabla ya kumwachisha ziwa. Na aliyeulizwa kwanza alikuwa mama. Tumewajua wanawake waliorudishwa kwao kwa sababu ya nyonga ya mtoto. Picha moja ya eksirei ingaliwatetea.

Liko jambo moja zaidi ambalo mwalimu na mzazi hawana budi kulijua: nyonga inapougua, mtoto hushika goti. Mshipa wa fahamu ulioko nyongani hufika na gotini, na mtoto husema kwa uaminifu kwamba goti ndilo limuumalo. Ndiyo maana twaona magoti yenye chale na makovu ya dawa za kuchanjia, na juu yake nyonga ambayo haijaguswa. Ndivyo ilivyo pia kwa vijana wa miaka 10 hata 16 ambao kichwa cha paja huteleza juu ya shingo yake, mguu ukageukia nje. Hao hutiwa parafujo ya chuma, na kila siku ya kuchelewa huongeza kilema.

Sisi wenyewe hatukulijua. Darasani mwetu, hapa Chanika, alikuwapo mvulana wa miaka 9 ambaye kila asubuhi ya kipupwe alichelewa. Macho yake yalikuwa na umanjano, naye alisema goti linauma. Tulilitazama goti, tukaliona zima, tukamhesabu mvivu; tukampa kazi ya kufagia kiwanja wakati wenzake wanasoma. Alifagia akichechemea. Muhula wa pili hakuja. Tulipokwenda kwao tulimkuta amekaa kizingitini, mguu umenyoka mbele yake, nao ulikuwa umekwisha kuwa mfupi. Alipelekwa hospitali ya wilaya, na kutoka huko akapelekwa kwa mabingwa wa mifupa, na damu yake ikapimwa: ilikuwa selimundu, na kichwa cha paja la kushoto kilikuwa kimeporomoka. Sasa ni kijana, hutembea kwa mkongojo.

Yasimuliwa ya kuwa Marino Ortolani, tabibu wa watoto katika mji wa Ferrara, Italia, alijifunza kipimo chake kwa mama mmoja aliyemwambia ya kuwa amwoshapo mtoto na kumpanua miguu husikia kitu kikialika ndani ya nyonga. Ortolani alimsikiliza, akajaribu kwa mikono yake, na mwaka 1937 akakiandika. Ndicho kipimo wafanyiwacho watoto wachanga duniani hata leo, kwa kukunja magoti na kuyapanua polepole ili kuona kama kichwa chateleza kuingia. Huko kwetu hakuna anayejua mapaja ya mtoto kama yule ampanuaye miguu mara kumi kwa siku ili ampandishe mgongoni. Paja moja likikataa kupanuka, au mtoto akilia kila akipandishwa, yeye ndiye ahisiye kwanza.

Mama wa mvulana yule alikuwa pale hospitali siku alipoulizwa habari za utoto wake. Alieleza ya kuwa alipokuwa bado wa mgongoni, hajafika mwaka, vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba mara mbili, naye alisikia joto la miguu ile ubavuni mwake kupitia nguo. Mganga akaandika, akasema hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya selimundu kwa watoto wachanga. Akamwuliza kwa nini hakuyasema hapo zamani. Mama akajibu, "Bwana mganga, sikuulizwa."